Mapambano ya Azumah Nelson katika banda la video Majengo, Dodoma

Kwa Jumamosi tatu mfululizo nimehudhuria banda moja la video hapa Majengo, Dodoma, ambalo mwezi huu linaonyesha mapambano ya Azumah Nelson, bondia wa Ghana aliyekuwa bingwa wa dunia wa WBC, Baraza la Ngumi la Dunia, katika uzito wa unyoya, yaani usiozidi kilo 57.15. Kiingilio ni shilingi 1,000, na kwa mpenzi wa masumbwi hiyo ni bei ndogo mno.

Sifa kubwa ya banda hili ni kwamba pambano huonyeshwa lote, pamoja na zile dakika za mapumziko kwenye kona. Niliwahi kulipa kiasi hicho hicho kwingine nikaonyeshwa vipande vya watu wakianguka, nikaondoka bila kujua walifikaje hapo.

Jumamosi ya kwanza lilikuwa pambano la tarehe 21 Julai 1982 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Nelson, mzaliwa wa Accra aliyetwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, alikuwa ametimiza miaka 24 siku mbili tu kabla, na aliitwa kwa haraka kuziba nafasi ya bondia mwingine mbele ya bingwa Salvador Sánchez wa Mexico, yeye akiwa na mapambano 13 tu ya kulipwa. Alishindwa raundi ya 15, na anayesoma matokeo hayo peke yake hudhani alizidiwa tangu mwanzo. Aliyekaa kwenye benchi kwa saa nzima amemwona akiangushwa raundi ya 7, akiinuka na kuendelea kumwandama bingwa.

Mzee anayeendesha banda alisimamisha picha, akasogea hadi kwenye runinga na kuelekeza kwa mpini wa ufagio jinsi Nelson anavyokunja magoti kabla ya kurusha konde la mbavu. Kijana mmoja aliyekuwa mbele yangu alisimama, akajaribu palepale, kisha akaomba: "Mzee, turudishie tena." Alirudishiwa mara tatu. Pambano lilipokwisha, mzee alitueleza kwamba Sánchez alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Agosti mwaka huo huo, akiwa na miaka 23, na banda zima likanyamaza.

Wiki iliyofuata tulimwona Nelson akitwaa mkanda wa ubingwa wa WBC mwezi Desemba 1984 kwa kumwangusha Wilfredo Gómez raundi ya 11 mjini San Juan, Puerto Rico, nyumbani kwa Gómez, na wiki ya tatu akimmaliza Jeff Fenech wa Australia raundi ya 8 mjini Melbourne mwaka 1992, akiwa tayari amepanda daraja la uzito.

Kasoro zipo. Ratiba husema saa 1 usiku lakini picha huanza karibu saa 2, mabenchi hayana egemeo, na upepo wa Dodoma ukivuma, mabati humeza sauti. Linaloniuma zaidi ni kuachwa kwa pambano la mwaka 1990 alilopoteza kwa Mmarekani Pernell Whitaker, kwa sababu banda lililotufundisha kumsoma Nelson katika kushindwa kwake kwa Sánchez lingetutendea haki kutuonyesha na hilo, na ombi hilo nimemfikishia mzee. Jumamosi ijayo ni zamu ya Gabriel Ruelas, pambano la mwaka 1995 ambalo Nelson aliingia ulingoni akiwa na miaka 37, nami nitafika mapema ili nipate benchi la mbele.