Ofisi ya michoro na vibali, Sinza: nyota tatu na nusu

Jina lao siliweki kwa sababu nina la kuwalalamikia, lakini kazi waliyonifanyia acha niisimulie.

Nyumba yetu iko Tabata, aliijenga marehemu baba. Ni ghorofa moja, na vyumba viwili vya mbele chini tumevigeuza fremu. Mpangaji wa vifaa vya umeme akataka fremu zote mbili ziwe moja. Fundi wangu wa siku zote akaugonga ukuta wa kati konzi mbili, akasema, "Mama, huu wa kugawia tu. Nipe siku mbili na vijana wawili." Laki tatu. Ningempa siku hiyohiyo, ila jirani wa nyuma bado ana maandishi mekundu ukutani, SIMAMISHA UJENZI, na chumba alichoongeza kimeishia kwenye lenta tangu Pasaka, majani yanaota ndani.

Ndipo nikaenda kwa hawa wa Sinza. Laki nane na nusu: kupima nyumba, michoro ya usanifu na ya injinia, na kufuatilia kibali manispaa. Ada ya serikali mbali, unalipa mwenyewe kwa namba ya malipo inayokuja kwenye simu. Niliona nimeibiwa. Kubomoa laki tatu, karatasi laki nane na nusu!

Injinia wao akaja Jumanne, binti wa umri wa kumzaa mwenyewe, ana nyundo ndogo na tochi. Ukuta hakuujali sana, alitazama juu. Akapanda ngazi, akabandua plasta pale ukuta unapokutana na slabu, ile sakafu ya zege ya juu, tundu la ukubwa wa kisosi, kisha akaniita nami nipande. Nina miaka 58, nikapanda. Niliona tofali, na juu ya tofali slabu. Basi.

"Mama, hapa hamna bimu, boriti ya kuibeba slabu. Slabu imelalia tofali, na hapo juu ndipo mnapolala."

Fundi alikuwa chini ameshika ngazi, kimya.

Nikakumbuka lile jengo la Kariakoo lililoanguka Novemba 16, 2024. Mashuhuda walisema chini yake watu walikuwa wakipanua sehemu ya biashara. Mpaka Jumanne ile nilidhani kibali ni cha anayeanza msingi, na kwamba manispaa shida yao hela tu. (Hela nazo wanataka.) Kumbe kwa ghorofa michoro inatakiwa iwe na muhuri wa injinia aliyesajiliwa, na mwenye akili zake hagongi muhuri juu ya ukuta asiojua umebeba nini.

Mchoro wake ukaja na nguzo mbili zenye msingi wake, bimu chini ya slabu, na mirunda ya kushikilia kabla tofali hata moja halijatoka. Wiki tatu tulilala sebuleni. Mkaguzi wa manispaa alipita kabla ya kumwaga zege, akahesabu nondo, akakuta fundi ameziachia ringi zinazofunga nondo nafasi kubwa. Zikafunguliwa, zikafungwa upya. Ile laki tatu ikawa milioni nne na ushee.

Sasa lawama. Waliniahidi kibali wiki tatu, zikawa saba, na kosa ni lao: waliandika Kitalu C badala ya G, maombi yakarudishwa, na hakuna aliyeniambia. Nilijua nilipokwenda manispaa mwenyewe. Ukishamaliza kuwalipa, simu hawapokei. Mpangaji nusura aondoke, na kodi ya mwezi mzima nimeikosa. Ukienda kwao bakiza hela mpaka kibali kiwe mkononi, na usome namba ya kiwanja kwenye kila karatasi. Na injinia, mwombe yule binti.

Fundi bado ninaye. Juzi nilimwita atoboe tundu la bomba la kiyoyozi, akausogelea ukuta, akasimama. "Mama, hapa injinia ameshapita?"