Mjusi Mwenye Ndevu au Kinyonga wa Pembe Tatu: Yupi Huzoeana na Mfugaji?

Anayetaka kufuga mjusi na kujenga naye mazoea anaweza kulinganisha aina mbili zinazofugwa Ulaya na Marekani: mjusi mwenye ndevu, ambaye asili yake ni maeneo makavu ya Australia, na kinyonga wa pembe tatu, ambaye kwao ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru nchini Tanzania.

Kwa kuzoeana, mjusi mwenye ndevu anamshinda mwenzake kwa mbali. Ukiuweka mkono ndani ya kasha lake bila kuutikisa, ukamwachia auguse kwa ncha ya ulimi na kuutambua, kisha ukamwinua kwa kumpitishia kiganja chini ya tumbo badala ya kumshika kutoka juu kama mwewe, baada ya wiki kadhaa aghalabu hutulia begani mwako. Ndevu zake, yaani ngozi yenye vijimiba kooni, zikivimba na kuwa nyeusi, mrudishe; amekwisha kukataa.

Kinyonga hataki kushikwashikwa. Akiudhika rangi yake hukolea, naye hufumbua kinywa na kufoka. Imani yake hupimwa kwa jambo dogo: kukubali kula panzi mkononi mwako. Maji nayo hunywa matone yaliyo juu ya majani, si ya bakulini, kwa hiyo kizimba hunyunyiziwa kila siku.

Kwa anayeanza nampendekeza yule wa Australia, tena aliyezaliwa kwa mfugaji. Kinyonga aliyekamatwa porini mara nyingi hufika akiwa dhaifu, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini.