Mapitio ya Kitabu: Shajara ya Robert Rodriguez na Filamu ya Dola 7,000

Vitabu vingi vinavyofundisha uandishi wa filamu humweleza msomaji namna ya kuigawa hadithi katika sehemu tatu, kisha humwacha hapohapo. "Rebel Without a Crew", kilichotoka mwaka 1995, kinaanzia kwingine: kijana wa Texas, Robert Rodriguez, anajifungia kwa mwezi mzima katika kituo cha utafiti wa dawa mjini Austin, ameze vidonge vya majaribio na kutolewa damu kila mara, ili apate takriban dola 3,000, sehemu ya fedha za kutengenezea filamu yake ya kwanza ndefu. Muswada wa filamu hiyo, "El Mariachi", aliuandika humohumo, na mmoja wa waliolazwa naye, Peter Marquardt, ndiye aliyekuja kuigiza kama mkuu wa wahalifu.

Kitabu kimeandikwa kwa mtindo wa shajara, na uhodari wake uko katika kurasa za upigaji picha wa mwaka 1991 huko Ciudad Acuña, mji wa mpakani Mexico alikotoka rafiki yake, Carlos Gallardo. Rodriguez hakuandika hadithi kwanza na kutafuta vifaa baadaye. Alihesabu alichonacho, ambacho ni mji, basi, mbwa na kobe, ndipo akatunga hadithi inayovihitaji. Kwa kukosa reli ya kusogezea kamera, alikaa kwenye kiti cha magurudumu akasukumwa. Kamera aliyoazima ilikuwa na kelele mno na haikuweza kwenda sambamba na kinasa sauti, kwa hiyo baada ya kupiga picha aliwataka waigizaji warudie maneno yaleyale mbele ya maikrofoni. Mahali ambapo midomo na sauti viliachana, alikata na kuonyesha kitu kingine. Ule mwendo wa kasi uliosifiwa na wengi ulitokana kwa sehemu kubwa na udhaifu huo, na sijaona somo la uhariri lililoelezwa kwa uwazi kuliko hili.

Jambo jingine lililonigusa ni kwamba hakuitengeneza filamu hiyo kwa ajili ya majumba ya sinema. Aliikusudia soko la kanda za video za Kihispania, ajifunzie kazi mahali ambapo hakuna mtu mkubwa atakayemwona akikosea, karibu sawa na waongozaji wetu waliokuwa wakipeleka kazi zao kwa wasambazaji wa Kariakoo. Columbia, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood, ikaipata, na mwaka 1993 filamu ikashinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani.

Hapa ndipo nina ugomvi kidogo na sifa za kitabu hiki. Zile dola 7,000 zinazotajwa kila mahali kuwa gharama ya filamu zilitosha kupiga picha na kupata nakala ya video, basi. Filamu iliyoonyeshwa kwenye kumbi ilikuwa imehamishiwa kwenye utepe wa milimita 35 na kutengenezewa sauti upya kwa gharama ya Columbia, iliyopita mbali fedha alizotumia mwenyewe. Isitoshe, mtu huyu hakuwa mgeni wa kamera: alilelewa katika familia ya watoto kumi, akawageuza ndugu zake kuwa waigizaji tangu utotoni, na filamu yake fupi "Bedhead" ilikuwa tayari imeshinda tuzo. Anayesoma jalada tu anaweza kudhani kwamba ujasiri peke yake ulitosha.

Sehemu ya mawakala, hoteli na mikutano ya Los Angeles inachosha, kwa kuwa simu moja inafanana na nyingine, ingawa anayetaka kujua mikataba huko huendaje atapata cha kuokota. Nyongeza yenye darasa la filamu la dakika kumi ni fupi na ya manufaa, lakini ushauri wake wa vifaa ni wa enzi ya kanda.

Ninakipendekeza kwa mwandishi ambaye ana muswada mezani na hana mfadhili. Nakala yangu imechakaa kwenye kurasa za Ciudad Acuña; zile za Los Angeles bado zinang'aa kama siku niliyoinunua.