Taima ya soketi na mwani kwenye tangi la kambare wadogo: uzoefu wangu

Nimeitumia taima hii ya soketi, ile ya gurudumu la kupangwa kwa mkono inayowasha na kuzima taa yenyewe, tangu mvua za masika. Kama kuna kitu kimoja cha dukani kilichopunguza mwani, ule ukijani unaoota kwenye kioo, kwenye tangi langu la samaki, ni hiki. Nasema hivyo nikijua kwamba muuzaji atakuelekeza kwanza kwenye rafu ya dawa. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na umeme, nitaeleza.

Tangi ni la lita 120, liko sebuleni, Dar es Salaam, na maji yake hukaa nyuzi 28 hadi 30 bila hita yoyote. Chini kuna mchanga laini, na wenye mji humo ni kambare wadogo aina ya Corydoras sterbai, ambao kwao ni mto Guaporé, mpakani mwa Brazil na Bolivia. Mwaka 2024 wanasayansi waliwahamishia jenasi ya Hoplisoma, ila ukienda dukani na jina hilo utaangaliwa tu. Niliwachagua kwa sababu wanavumilia joto kuliko ndugu zao wengi. Yuko pia Ancistrus mmoja dume, kambare mwenye mdomo wa kunyonya na sharubu za nyama puani.

Corydoras huuzwa kwa sifa ya usafi. Wateja huambiwa, "chukua hawa, watakusafishia tangi." Mwani hawaugusi. Kazi yao ni kutumbukiza pua mchangani, kuchuja kilichomo mdomoni na kuutoa mchanga kupitia matamvua, siku nzima. Wanakula vidonge vinavyozama, na hapo ndipo tangi la samaki wa chini linapotofautiana na mengine: chakula kikikosa mlaji hukioni. Kinajificha chini ya kipande cha mti, kinaoza, maji yanajaa naitreti na fosfeti, na mwani unapata mbolea ya bure. Nimepunguza vidonge, navidondosha usiku taa ikishazimwa, na ninanyonya uchafu kwa mpira kila ninapobadilisha maji. Lakini huwezi kuwanyima chakula. Kilichobaki mkononi mwako ni mwanga.

Kabla ya taima, taa ya LED iliwashwa na yeyote aliyeamka mapema na kuzimwa na yeyote aliyelala mwisho. Saa 14, pengine 15. Kioo kilijaa vidoa vya kijani vigumu ambavyo sifongo haiving'oi, na kwenye mti kukaota nyuzi ndefu.

Sasa hiyo taima. Ni kisanduku cha plastiki unachochomeka ukutani, kisha taa unaichomeka juu yake. Mbele kuna gurudumu la saa 24 lenye pini 96, kila pini ni dakika 15. Pini ulizobonyeza chini, taa inawaka. Ulizoacha juu, inazima. Hakuna programu ya simu wala cha kusoma zaidi ya hapo. Nimebonyeza kuanzia saa kumi jioni hadi saa tano usiku, saa saba jumla, muda ambao watu tupo nyumbani kuwatazama. Mchana pazia la dirisha la upande ule linabaki limefungwa, maana jua likipiga kioo moja kwa moja taima haina la kufanya.

Vidoa vya kijani havikuondoka vyenyewe, ilibidi nivikwangue. Ila vilivyorudi ni vichache na vinachelewa. Nyuzi za kwenye mti zilififia wiki baada ya wiki, Ancistrus akamalizia. Vumbi la kahawia halikujali kabisa, na sikutegemea lijali: hao ni diatomu, aina ya mwani mdogo mno, wanahitaji silika na wanaridhika hata na mwanga hafifu. Linafutika kwa kidole.

Kasoro yake ni hii. Gurudumu linazungushwa na umeme uleule wa ukutani. Ukikatika kwa muda wa saa tatu, gurudumu nalo linasimama muda huohuo, na umeme ukirudi taima inaendelea palepale ilipoishia. Kwa hiyo taa inayopaswa kuwaka saa kumi inawaka saa moja usiku na kuzima saa nane za usiku. Ikikatika mara mbili tatu kwa wiki bila mtu kurekebisha, samaki wako wanaishi kwa majira ya nchi nyingine. Nimezoea kulitupia jicho gurudumu kila ninapopita. Zipo za kidijitali zenye betri ndani inayotunza saa, bei juu kidogo, na kwa mitaa ambayo umeme unacheza ningesema anza na hizo.

Ubavuni kuna kitufe kidogo cha kuipita taima ili taa iwake muda wote. Mtu akifuta vumbi anakisukuma bila kujua. Kwangu nimekibandika utepe wa karatasi wenye gundi.

Halafu usiichomeke filta wala pampu ya hewa kwenye taima. Bakteria wanaokula amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, wanaishi ndani ya filta na wanahitaji maji yapite muda wote. Taa peke yake.

Kuhusu ile chupa ya dawa ya mwani: niliishika, nikasoma maandishi ya nyuma, nikairudisha. Ilikuwa na kiambata cha shaba, na ilionya kuhusu konokono, kamba, na samaki wasio na magamba. Corydoras hana magamba ya kawaida, ana mabamba ya mfupa ubavuni na tumbo laini linalosugua mchanga. Na hata dawa isiyo na shaba ina tatizo la pili, hasa kwa sisi wa pwani. Mwani ukifa wote kwa mpigo unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Maji ya nyuzi 30 yanashika takriban miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita, wakati ya nyuzi 20 yanashika kama 9. Umeme ukikatika usiku naona jinsi Corydoras wanavyopanda juu mmoja mmoja, wanagusa uso wa maji, wanameza hewa na kuporomoka tena chini. Ni kawaida yao, utumbo wao unaweza kunyonya oksijeni ya hewa, lakini safari zinapozidi ujue maji yamechoka. Sitaki kuongeza dawa juu ya hapo.

Sumaku ya kusafishia kioo ninayo na ni nzuri, ila si kwa sehemu ya chini. Hawa samaki wanafukua mchanga, punje inakwama kati ya sumaku na kioo, na ukivuta mara moja tu unabaki na mstari usiofutika. Mimi nasimama vidole vitatu juu ya mchanga. Chini ya hapo natumia kadi ya benki iliyokwisha muda, mkono ndani ya maji, na vidoa vya kijani inaving'oa vizuri kuliko sumaku.

Ancistrus naye anasaidia, mradi upewe Ancistrus kweli. Madukani kila kambare mwenye mdomo wa kunyonya anaitwa msafisha kioo, na mara nyingi unapewa Pterygoplichthys, kipenzi akiwa na urefu wa kidole, halafu anafika sentimita 30 na kupita. Hesabu miiba ya pezi la mgongoni: huyo mkubwa ana kumi au zaidi, pezi lake limesimama kama tanga la jahazi. Ancistrus wanaofugwa hukomea kama sentimita 12 hadi 15. Naye ni mchafuzi, anakula na kunya usiku kucha, kwa hiyo usimnunue ukidhani anafuta deni la mwani. Kioo cha nyuma simkwangulii, namwachia malisho yake.

Ukienda kununua taima, angalia pini za ukutani. Nyingi za bei rahisi zinakuja na pini mbili za duara, na soketi zetu ni za pini tatu bapa. Ukiweka adapta inachomoza, inalegea, inapata moto. Tafuta ya pini tatu moja kwa moja, isome uwezo wake kwa wati, na waya wa taa uache uning'inie chini ya soketi kwanza kabla haujapanda kuingia, ili tone la maji likiteleza kwenye waya lidondokee sakafuni.