Banda la mpira Chikongola linaloonyesha raga ligi, wanawake na wanaume

Nimeshaenda mara tano sasa kwahiyo naweza kuongea. Kuna banda Chikongola hapa Mtwara mjini, lile la bati la bluu karibu na mafundi cherehani, wengi mnalijua kwa Simba na Yanga, sasa mwenye banda kaanza kuonyesha raga ligi na sio mechi za kuokoteza, anaonyesha vikombe vyenyewe na zile mechi za timu za majimbo ya Australia, za wanaume na za wanawake. Mi nimefurahi mno maana nimeisubiri hii kitu zaidi ya miaka kumi.

Nieleze kidogo nimeijuaje. Kipindi kile cha gesi nilikuwa napika kwenye nyumba moja Shangani walipokaa wageni, wawili walikuwa Waaustralia, mmoja wa jimbo la Queensland mwingine wa jimbo la New South Wales, na kila mwaka majimbo hayo yanacheza raga ligi yenyewe kwa yenyewe. Jumatano saa saba mchana wanaweka tivii, hakuna anayeongea na mwenzake. Mi napakua chakula naangalia na mimi. 2014 New South Wales wakashinda 6 kwa 4 kule Sydney wakachukua ubingwa baada ya Queensland kuubeba miaka nane mfululizo, mmoja wao, baba mtu mzima, akalia kabisa mbele ya sahani ya wali na pweza, kuanzia siku hiyo na mimi nikawa mtu wa raga ligi.

Najua mtu akisikia raga anawaza Kenya, wale waliowapiga Fiji 30 kwa 7 Singapore 2016, ile ni nyingine, watu saba saba na sheria zake. Ligi ni watu 13 kila upande, ukiwa na mpira unaruhusiwa kukabwa mara sita, ukikabwa ya sita mpira unaenda kwa wapinzani, kwahiyo ya tano ikifika lazima upige mguu au ufanye maajabu. Trai, yani kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, pointi 4, mkwaju baada ya trai 2, penalti 2, ile ya kudondosha na kupiga 1. Basi, hapo unaangalia bila kuuliza mtu. Na ilianza kwa watu wa vibarua jamani, kaskazini ya Uingereza, watu wa migodi na viwanda vya nguo, Jumamosi akienda kucheza anakatwa mshahara, timu zikaomba ziwafidie, wakubwa wa raga wakakataa, ndo tarehe 29 Agosti 1895 wakakutana hotelini Huddersfield wakajitoa wakaanzisha chama chao. Mtu anayebeba magunia ya korosho bandarini akikosa siku anajua ina maana gani, ndo maana huu mchezo naupenda kutoka moyoni.

Sasa banda lenyewe. Mara ya kwanza ilikuwa Mei Mosi 2025, sikukuu, nikaenda na binti yangu kuangalia State of Origin ya wanawake, ndo hiyo ya New South Wales na Queensland. Na hapo niseme ukweli sikufurahi. Projekta kubwa ilikuwa na marudio ya mpira wa miguu, raga ya wanawake kaiweka kwenye tivii ndogo pembeni juu ya friji, sauti hamna, kiingilio jero. Nikamuuliza kaka wanaume wakicheza itakuwa bei gani, akasema buku na projekta. Mi sikugomba, nilikaa nikaangalia New South Wales wakiwapiga Queensland 32 kwa 12 palepale kwao Brisbane, mechi ya nguvu haswa, wasichana wanagongana unasikia mwili wako mwenyewe unauma, binti yangu anacheza netiboli shuleni akaniambia mama hawa hawaogopi kabisa. Ilipoisha nikamfata mwenye banda nikamwambia mimi nakulipa buku, chukua, ila mwezi wa sita kuna fainali ya Challenge Cup, lile kombe la klabu za Uingereza, kule uwanja wa Wembley London tiketi ni moja, mtu anaingia mchana anaona fainali ya wanawake, anabaki palepale kwenye kiti chake anaona ya wanaume, wanawake walianza kuchezea fainali yao Wembley 2023, kwahiyo na wewe fanya hivyohivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema dada nimekuelewa.

Na kafanya kweli! Tarehe 7 Juni nimefika mchana nakuta projekta imeshawashwa, kiingilio buku mechi zote mbili, mabenchi mawili ya mbele kaandika kwa chaki AKINA MAMA, wamekaa wadada kama tisa hivi na wengine wameacha viatu nje kwa sababu kaweka na mkeka wa watoto. Fainali ya wanawake Wigan na St Helens, na St Helens walikuwa wamelichukua kombe miaka minne mfululizo, mi nikawaambia wenzangu hawa hawafungiki, mara Wigan wakawapiga 42 kwa 6. Ilikuwa ya upande mmoja lakini hakuna aliyetoka. Intaneti iligandaganda mara tatu, maana anatumia kompyuta na bando la simu, hapo anatakiwa ajirekebishe, mara moja imeganda mtu yuko anaelekea kwenye mstari na ilivyorudi pointi zimeshaongezeka.

Jioni wanaume, Hull KR na Warrington. Hii nitaisimulia mpaka nizeeke. Hull KR hilo kombe mara ya mwisho walilichukua 1980, fikiria mtu kazaliwa kakua kapata wajukuu hajaliona. Warrington wanaongoza 6 kwa 2, muda unaisha, banda zima wameshakata tamaa, mzee mmoja kashanyanyuka anatafuta kandambili zake, mara dakika zimebaki kama mbili Tom Davies wa Hull KR anaweka trai, 6 kwa 6, halafu mwenzake Mikey Lewis anatakiwa apige mkwaju wa pembeni. Banda likanyamaza kimya. Nje unasikia bodaboda tu. Akapiga ukapita katikati, 8 kwa 6, mzee kakumbatiana na kijana aliyekuwa anabishana naye tangu asubuhi na watoto wanaruka kwenye mkeka hata hawajui nani kashinda. Buku moja hiyo.

Origin ya wanaume nayo nimeangalia hapohapo. Kwa ambao hamjui, pale haujalishi unachezea klabu gani, unachezea jimbo ulikotokea kimchezo, yan chukua wachezaji wa Simba, Yanga na Namungo wote, waliotokea Lindi wavae jezi ya Lindi, wa Mtwara wavae ya Mtwara, halafu wacheze mechi tatu, uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona na kule kwao. Unaona moto wake? Mtu anamkaba mwenzake wa klabu moja bila huruma na wiki ijayo wanakula meza moja. Mechi ya pili ya 2025 ilichezwa Perth, Queensland wanaenda mapumziko 26 kwa 6, New South Wales wakarudi mpaka 26 kwa 24, Brian To'o peke yake trai tatu. Na kumbuka New South Wales waliweka trai tano, Queensland nne! Waliokosa ni wapiga mikwaju. Nilishindwa kula. Mechi ya tatu Queensland wakamaliza 24 kwa 12 hukohuko Sydney wakabeba, wakati upande wa wanawake ubingwa ulienda New South Wales mechi mbili kwa moja.

Uzuri wa Origin saa saba mchana kwetu ndo usiku kwao, kwahiyo mama mwenye familia unaenda na kurudi mchana kweupe, sio mambo ya saa tano usiku. Tatizo saa hiyo bati linachoma, feni ni moja na iko upande wa mwenye banda, aongeze hata moja nyuma. Benchi halina mgongo, mechi mbili mfululizo kiuno kinaita. Sauti ni nzuri isipokuwa jirani akifungua singeli. Umeme ulikatika mara moja mechi ya Perth, jenereta ikawaka ndani ya dakika kama nne, hapo nampa heko. Choo kipo, kisafi, kina mlango wa komeo, na kwa mabanda ya mjini hapa mwanamke anajua hilo ni jambo kubwa.

Chakula nje kuna mama anauza ming'oko ya kuchemsha na chumvi, mihogo ya kukaanga, pweza wa vipande na pilipili ya ndimu. Ming'oko nunua kabla mechi haijaanza, mapumziko unakuta imeisha. Korosho anazo ila bei ya kwake kubwa, nunua sokoni uje nazo.

Kwa ujumla nampa nne na nusu kwa tano, hiyo nusu ni feni na bando. Kaniuliza juzi mwaka 2026 aweke nini, nikamwambia Kombe la Dunia la raga ligi linaloanza mwezi wa kumi Australia, wanaume, wanawake na wale wa viti vya magurudumu wote kwa pamoja, na hiyo ya viti usiikose, fainali ya 2022 England waliifunga Ufaransa 28 kwa 24 Manchester, wanagongana na viti vyao mpaka tairi linanyanyuka. Akaandika kwenye daftari mistari mitatu, kila mmoja buku. Mkija leteni mto wa kukalia, na muwahi mabenchi ya mbele, binti yangu na wenzake wa netiboli wameshayazoea.