Samaki hasomi mfuko, mimi nasoma: uzoefu wangu na chakula cha samaki cha mafuta ya mimea

Jamani naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Kwanza niseme ukweli, mfuko wa kwanza wa hiki chakula mngeniuliza siku ile ningewapa nyota tano bila kufikiria mara mbili. Nafuga sato na kambale, sato ndio wengi, na nilikuwa nimeshachoka na kile chakula cha zamani kilichojisifia mafuta ya samaki kila kona ya mfuko halafu samaki wenyewe wamedumaa. Hiki kipya kimeandikwa tu "mafuta ya mimea", nikasema ngoja nijaribu, na wale sato walikuwa wakikiona wanakuja juu mpaka maji yanatokota, unamwaga, unageuka kuweka kopo chini, ukiangalia hakuna kitu. Wakanenepa vizuri. Nikawa namwambia kila mfugaji ninayemjua anunue, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa hivi, kwamba nimewasifia watu hawa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Shida ilianza mfuko wa nne au wa tano, sikumbuki vizuri, mvua zilikuwa zimeshakatika. Nafungua tu ikanipiga harufu ya rangi. Sio harufu ya chakula, rangi kabisa, ile ya kupaka milango. Mfuko uleule, jina lilelile, picha ya samaki ileile. Ukishika punje zinakuachia mafuta vidoleni. Nikajiambia labda pua yangu tu, nikamwaga. Sato wakaja wakadaka, wakatema. Wakadaka tena, wakatema tena. Nimekaa pale ukingoni naangalia punje zinaelea zinazunguka mpaka zikalowa zikazama, na juu ya maji umebaki utandu wa mafuta unang'aa kama mtu kamwaga dizeli. Asiyefuga ataona ni jambo dogo ila anayefuga anajua, sato akitema chakula anakwambia kitu, na hicho kilichozama hakikai bure huko chini, kinaoza kinanyonya hewa ya maji, na alfajiri unawakuta wote wako juu wanahema.

Nikatia punje kwenye kikopo nikaenda kwa aliyeniuzia. Nilienda kwa adabu kabisa. Nikamwambia kaka samahani, naona chakula kimebadilika, safari hii mmeweka mafuta gani? Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mama, mafuta ni mafuta." Nikamwambia sawa, ila mfuko umesema mafuta ya mimea, sasa mimea gani, maana alizeti ni mmea na mawese ni mmea na kitani nayo ni mmea na hazifanani. Hapo ndio akacheka, na watu walikuwa wamejaa pale ndani, akasema kwa sauti, "Samaki hasomi mfuko mama, nenda kawamwagie watakula wenyewe wakisikia njaa."

Samaki hasomi mfuko. Hiyo sentensi nimelala nayo siku nyingi. Sawa, samaki hasomi, mimi nasoma, na mimi ndiye niliyetoa hela! Halafu mwili wa samaki unayasoma hayo mafuta vizuri kuliko yeye na duka lake lote. Mafuta unayomlisha ndiyo yanayokuja kukaa kwenye ini na kwenye mnofu wake, ukimlisha alizeti ile aina ya mafuta inayoitwa omega-6 inapanda, ukimlisha mawese yale mafuta ya kuganda yanapanda, haifichiki. Na harufu ya rangi haitoki hewani. Mafuta ya kitani zaidi ya nusu yake ni omega-3 ya mimea, kitu kizuri, lakini ndio hiyohiyo inayoyafanya yaharibike upesi yakikutana na hewa na joto, na kwa sababu yakipigwa na hewa yanakauka ndio maana tangu zamani watu wanachanganyia rangi. Kwa hiyo ukiniuliza mimi waliweka kitani, au walichanganya, wakaacha mifuko bohari yenye joto, na vitamini E ya kuyalinda hawakuitosheleza. Nahisi hivyo kwa pua yangu maana wao wamekataa kusema.

Najua kuna watakaoniambia si unaona sasa, hayo ndiyo mafuta ya mimea, rudi kwenye mafuta ya samaki. Hapana jamani, msiniwekee maneno mdomoni. Mafuta ya samaki yenyewe yanachacha haraka kuliko karibu yote hayo ya mimea. Na sato sio samaki wa baharini. Wa baharini wengi hawawezi kujitengenezea EPA na DHA, zile omega-3 ndefu zilizo kwenye mafuta ya samaki, lazima wazipate kwenye chakula, ukiwanyima wanaharibika. Sato anachotafuta zaidi ni ile omega-6 iliyojaa kwenye soya na alizeti, na hiyo omega-3 fupi ya mimea ana uwezo wa kuirefusha mwenyewe mwilini. Kambale naye anakua vizuri tu kwa mawese. Hata samoni, ambaye watu wanamdhania ni wa mafuta ya samaki tupu, kule Norwei mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula chake ilitoka baharini, kufika 2013 ikawa kama asilimia 30, mafuta mengi yakawa ya kanola, nayo ni mbegu ya mmea, na samaki wakaendelea kukua. Na ilibidi, maana huwezi kuvua dagaa wote wa Peru ukawakamua mafuta ulishe samaki wengine milele, mwaka 2023 Peru ilifuta msimu wa kwanza wa kuvua anchoveta, ndio hao dagaa wao, na dunia nzima ya mafuta ya samaki ikatetemeka. Mimi naunga mkono mafuta ya mimea. Naunga mkono kabisa, na ndio maana nimekasirika hivi, mtu mmoja anakiharibia jina kitu kizuri kwa uvivu wa kujibu swali.

Ila na mlaji naye ana haki yake. Samoni wa Skotlandi walipimwa wakaonekana EPA na DHA zao zimeshuka kama nusu kati ya 2006 na 2015, kwa sababu ya mafuta hayohayo ya mimea. Dawa ipo, wiki za mwisho kabla ya kuvua unawarudishia chakula chenye mafuta ya samaki, inapanda tena. Lakini utapangaje hayo kama mtu amekuandikia "mafuta ya mimea" akanyamaza? Wateja wangu wananiuliza samaki wako anakula nini na mimi napenda kuwajibu nikiwaangalia usoni.

Nilipiga na ile namba ya huduma kwa wateja. Dada wa kwanza alikuwa mstaarabu sana, Mungu ambariki, akasema mtaalamu atanipigia. Mtaalamu hakupiga. Nikapiga tena, akaja mwingine akaniuliza mama unatunza vizuri maji lakini? Nikamwambia kaka maji ni yaleyale, bwawa ni lilelile, kilichobadilika ni harufu ya mfuko wenu. Akasema tarehe ya kutengenezwa ni ipi, nikamwambia imefutika ukiigusa inatoka na kidole. Simu ikakatika. Labda mtandao. Nataka kuamini ni mtandao.

Nilipasua samaki kadhaa, wale waliokuwa wamedhoofika. Ini limepauka, njano, laini linapasuka ukiligusa. Sitasema mafuta peke yake ndiyo yamefanya hivyo, hewa ya maji nayo ilikuwa imeshuka kwa vile vyakula vilivyoozea chini, lakini mafuta yaliyochacha yanamaliza vitamini E na ini ndilo linaloumia, hilo halina ubishi.

Kwa hiyo niwape nyota ngapi? Nilipoanza kuandika niliweka tatu, nikasema niwe na haki, mifuko ya mwanzo ilikuwa mizuri kweli na samaki wangu hawajawahi kukua vile. Wangeandika mafuta gani na tarehe isiyofutika ningerudi, bila kinyongo chochote. Halafu nikafika pale kwenye samaki hasomi mfuko nikashusha hadi mbili. Na sasa nimekumbuka alivyocheka na watu wanatazama, moja. Chakula kingekuwa tatu, huyo kijana ndiye amekula mbili kati ya hizo.

Mifuko miwili ambayo sijaifungua bado iko stoo, nimeifunika mbali na vyakula vingine harufu isihamie. Chakula ninachonunua sasa, kwingine, nafungua mfuko palepale mbele ya muuzaji, natia pua mpaka ndani, nasaga punje mkononi, ndio natoa hela. Wa juzi alinuna. Nikamwomba radhi, nikanusa mfuko wa pili.