Dakika 45 za Mombasa hadi Nairobi: niulizeni mimi

Anayewaambia Mombasa na Nairobi ni dakika 45 kwa ndege hasemi uongo. Anawatajia kipande cha angani tu. Vipande vingine nitawahadithia mimi, na mniwie radhi, moyo bado unafukuta.

Juzijuzi nilikuwa na harusi ya mpwa wangu Nairobi. Basi la usiku magoti yangu hayaliwezi, ni karibu kilomita 490 za barabara. Treni nilichelewa kukata tiketi. Nikasema potelea mbali, nipande ndege. Nikatoka Kizingo alfajiri, lakini lori lilikuwa limekwama Kibarani na teksi ikasimama kama imepigwa msumari.

Nikafika kaunta nikihema. Kijana ameinamia simu, anatafuna ubani. Nikamwamkia mimi, mimi ninayeweza kumzaa! Hakuitikia. Akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani. "Umechelewa dakika mbili. Ndege si matatu mama, haingoji mtu." Nikalipishwa kubadilisha tiketi, pesa ambayo ningemnunulia bibi harusi leso doti tatu.

Sasa sikilizeni. Nimekaa kwenye kiti cha chuma na kikapu changu cha halua, natazama nje kupitia kioo. Ndege niliyoambiwa imeniacha haijatua! Ilikuwa bado inatoka Nairobi. Nikarudi kaunta. "Mwanangu, ndege yenyewe si ile inayokuja?" Akanijibu, "Mfumo ushafunga," wala hakuinua uso. Abiria wenzangu wakaondoka saa mbili na nusu, saa nzima baada ya wakati wao, na mimi nawatazama wakipanda ngazi mmoja mmoja. Ndege haingoji mtu, ila mtu ndiye aingoje ndege.

Yangu ya pili iliandikwa saa sita. Ikasogezwa saa saba, ikasogezwa tena, na hakuna aliyetuambia sababu. Saa nane binamu yangu akanipigia simu: keshashuka treni Syokimau, kituo cha Nairobi. Yule alipanda Miritini, kituo cha Mombasa, asubuhi ile ile. Mimi bado niko uwanja wa ndege, Port Reitz, nanusa halua yangu.

Tukaruka saa nane u nusu. Na hapa, kusema haki, hasira zilinipungua kidogo. Angani ni kama kilomita 420 tu. Nilikuwa dirisha la kushoto, mawingu yakafunguka, Kilimanjaro huyo, amevaa kofia yake nyeupe. Maji niliyopewa sijayamaliza, tunaambiwa tufunge mikanda. Ratiba huandika saa nzima, maana wanahesabu na kule kujikokota chini kabla ya kuruka na baada ya kutua. Kipande cha angani hakina kasoro, rubani alitua kama anaweka kikombe kwenye kisahani.

Lakini kutoka mlango hadi mlango nilitumia zaidi ya saa kumi na mbili, ukiongeza na foleni ya Embakasi. Nikaapa sipandi tena ndege ya watu wale, wallahi.

Nimerudi nayo. Mpwa alikuwa keshalipa tiketi, na binti wa kaunta ya kule akanipa shikamoo na kikapu akanipokea, ndege ikaondoka kwa wakati wake. Sasa niwakaripie vipi? Ila pesa yangu ya dakika mbili hawajanirudishia, na yule kijana nikimkuta tena pale kaunta, simwamkii.